Orvald Stenerud Hakuingia

Orvald Stenerud aliingia kanisani kwetu mara mbili tu:
siku tulipomzika mkewe,
na siku bomba la maji ya moto lilipopasuka,
akaja na spana, akapiga magoti
pale ambapo hakuna mwingine angepiga.

Theluji ya Saskatchewan haibishi hodi.
Hujilaza mlangoni kama mdai.
Kabla kahawa yangu haijachemka
trekta lake limekwisha fungua njia yangu,
njia ya akina Wiebe, ya mjane Dueck,
hata ya yule Harder aliyemdhulumu ekari nne.
Ukimshukuru, anatazama buti zake.
"Theluji ni theluji," husema.

Mimi ni Mmenonaiti wa damu na wa ubatizo.
Mwaka wa thelathini huu natunza daftari la sadaka,
na kila Jumapili, nikipanga sarafu,
hujiuliza: huyu amepungukiwa nini?
Mchungaji Penner hujibu kwa vidole:
neema, toba, imani, matendo,
anakunja vyote vinne, kisha anatazama kidole gumba
kilichobaki kimesimama, hakijui pa kwenda.

Ndipo ikaja Machi, usiku wa barafu isiyoonekana.
Kijana mmoja, Darrel Osachuk, alikunywa, akaendesha,
akamwacha Kornelius wangu mtaroni
na kiatu kimoja.

Cha pili alikitafuta Stenerud.
Siku tatu, kwa koleo.
Alikileta kikiwa kikavu, kamba zimefungwa.
Mahubiri mengi yalisemwa wiki ile;
ninalokumbuka ni lile fundo.

Jumapili zikapita. Kila tulipofika
kwenye lile ombi la madeni na wadeni
midomo ilisema, ulimi ukagoma.
Mimi, mtunza hesabu!
Mwezi wa Oktoba nikamwambia Stenerud:
nimeitwa niende nikamwone.
"Na nani?"
Nikashindwa kulitaja jina lile jikoni kwangu mwenyewe,
nikaona haya kama bibi kizee aliyepata mchumba.
Akaelewa. Akakuna kidevu.
"Mama yake ningemsafishia njia," akasema,
"hata yeye mwenyewe, akitoka.
Lakini kwenda kumtazama usoni?
Wema wangu una ua. Unaishia pale."
Nikamwambia, wangu hata uani haukufika.
Siendi kwa wema.

Alinipeleka, maana macho yangu yana mtoto wa jicho.
Kilomita mia mbili na ushee hadi gerezani.
Tulizungumza bei ya kanola, basi.

Sikumkumbatia. Msiniandikie utakatifu.
Kucha zake alikuwa amezitafuna hadi damuni.
Nilimtajia jina la mwanangu kwa ukamilifu,
nikamwambia alichukia vitunguu,
alipiga mluzi akiwa amelala.
Kisha neno lile likanitoka,
jepesi, bovu, kama jino la mtoto.
Alilia yeye. Mimi nilikuwa na njaa.

Nje, giza limeshashuka,
Stenerud alikuwa ameiacha injini ikiguruma
saa mbili nzima, mafuta yake,
ili kiti changu kisipoe.
Hakuniuliza kitu. Alinipa mkate wenye jibini
uliokatwa vibaya, vipande vinene, vya kiume.

Mchungaji atataka nisimulie mbele ya watu.
Atataka nionyeshe mpaka:
hapa unaishia uungwana, hapa unaanza ufuasi.
Nitamwambia nilikwenda nikiburutwa,
na aliyeniburuta simwoni,
na aliyeendesha gari hamjui, au anasema hamjui.

Tulipovuka mto theluji ilianza upya.
Barabara ikafutika, uzio ukafutika,
ikabaki michirizi miwili ya magurudumu mbele yetu,
ya mtu aliyetangulia usiku ule, hatukumwona taa.
Stenerud akapunguza mwendo,
akaziingiza tairi zake mle mle,
kimya,
asiulize ni za nani.